Bahasha nyekundu yafika mwisho: ni nani aliyeshinda vita vya DVD?

Ijumaa ya tarehe 29 Septemba 2023, kampuni ya Netflix ilituma DVD zake za mwisho kwa posta kule Marekani na kufunga biashara iliyoianza mwaka 1998. Wateja waliobaki waliambiwa kwamba diski walizo nazo mkononi ni zao, wakitaka wakae nazo. Aliyependa kurudisha alikuwa na hadi tarehe 27 Oktoba. Wengine walipata diski za ziada, hadi 10 kwa mpigo, kama zawadi ya kuagana.

Hapa Pwani habari hiyo ilipita kimya. Wengi wetu hatukujua kwamba Netflix iliwahi kutuma kitu chochote kwa posta. Kwetu ni kitu cha simu na bando, kilichotufikia Januari 2016. Lakini kuna habari ya pili iliyotugusa moja kwa moja. Netflix iliwaarifu Wakenya kwamba ule mpango wake wa bure kwenye simu za Android, ulioanza Septemba 2021, ungefungwa tarehe 1 Novemba 2023. Aliyetaka kuendelea kutazama ilibidi alipe.

Nimezisoma habari hizi mbili kwa pamoja, na naona ni mchezo mmoja. Ili tuuelewe huu wa kwetu, itabidi turudi kule Marekani miaka ishirini nyuma, wakati kampuni tatu zilipigania mteja mmoja aliyekuwa amekaa nyumbani akisubiri barua.

Nina sababu nyingine pia. Kila semina ya biashara ya vijana ninayoalikwa, hakosi msemaji wa kusimama na kusimulia habari za Blockbuster na Netflix. Blockbuster alikuwa tajiri mwenye maduka, akalala. Netflix alikuwa kijana maskini mwenye akili, akaamka mapema. Vijana hupiga makofi, kisha tunakula sambusa. Hadithi ni tamu lakini haikwenda hivyo. Blockbuster hakulala. Aliamka, akapigana, na kuna wakati alikuwa akishinda.

Kwanza tuelewane jinsi biashara yenyewe ilivyokwenda. Mteja analipa ada ya mwezi. Anaingia kwenye tovuti, anaandika orodha ya filamu anazotaka, moja chini ya nyingine. Kampuni inamtumia tatu za juu. Anakaa nazo anavyopenda, siku mbili au miezi miwili. Akimaliza moja anaitia ndani ya bahasha iliyokwisha kulipiwa stempu na kuirudisha, kisha inayofuata kwenye orodha inaletwa. Hakuna faini ya kuchelewesha. Binamu yangu anayeishi Columbus, Ohio, aliwahi kunieleza mpango wa nyumba yake: diski moja ya katuni za watoto, moja ya Kihindi ya mama watoto, na moja yake mwenyewe ambayo ilikaa juu ya televisheni wiki nzima bila kuguswa.

Mimi nilisomea diploma ya ugavi, kwa hivyo kwenye jambo kama hili jicho langu huenda kwenye mizigo kabla ya kwenda kwenye filamu. Na siri ya kwanza hapa ni uzito. Marc Randolph na Reed Hastings walipoanza kufikiria biashara hii kule California mwaka 1997, kanda za VHS zilikuwa nzito na ghali kutuma. DVD ndiyo kwanza ilikuwa imeingia Marekani. Kwa maelezo ya Randolph, walitia diski ya muziki kwenye bahasha ya kawaida, wakaituma kwa stempu ya barua ya kawaida hadi nyumbani kwa Hastings, Santa Cruz. Kesho yake ilifika nzima. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa. Ile hadithi nyingine maarufu, kwamba Hastings alitozwa faini ya dola 40 kwa kuchelewesha filamu ya Apollo 13 ndipo akapata wazo, Randolph mwenyewe amesema ni hadithi iliyopendwa kwa sababu ni rahisi kusimulia.

Siri ya pili ni Posta. Kule mleta barua anafika mlangoni siku sita kwa wiki, na akiondoka anachukua barua unazotaka kutuma. Hapa kwetu ukoo mzima unaweza kuwa na sanduku moja pale Posta Kuu ya Digo Road, na ufunguo uko kwa ami mmoja anayekaa Likoni. Ungemtumia mtu wa Kisauni DVD kwa mpango ule, angeipata siku ambayo filamu yenyewe imeshaonyeshwa kwenye televisheni. Netflix ilikwenda mbali zaidi: ilifungua vituo zaidi ya 50 nchi nzima ili diski nyingi zifike kwa siku moja tu. Kituo kikiwa karibu, mteja anapata filamu nyingi zaidi kwa ada ileile. Kwa hivyo kasi ya bahasha ilikuwa ni sehemu ya bei, ingawa haikuandikwa popote kwenye tangazo.

Na Posta iliibeba Netflix kweli kweli. Mwaka 2007 mkaguzi wa Posta ya Marekani aliripoti kwamba takriban asilimia 70 ya bahasha za Netflix zilibidi zipangwe kwa mikono kwa sababu zilikwama kwenye mashine, na kwamba kazi hiyo iligharimu dola milioni 41.9 kwa miaka miwili. GameFly, kampuni iliyokodisha michezo ya video kwa posta, ililalamika mwaka 2009 kwamba Netflix inapata huduma ya mkono bila malipo ya ziada huku wao wakitozwa zaidi. Kesi ikaenda hadi mahakama ya rufaa. Nimelitaja hili kwa sababu kwenye semina zetu tunaambiwa kampuni hizi hujijenga kwa akili peke yake. Nyuma ya ile bahasha nyekundu alikuwapo mfanyakazi wa shirika la umma, usiku, akipanga diski moja moja kwa mkono.

Sasa tuwatazame washindani wenyewe.

Netflix ilikuwa na uwanja peke yake hadi Walmart ilipoanza kujaribu huduma yake Oktoba 2002 na kuifungua rasmi katikati ya 2003. Walmart ilikuja na silaha yake ya siku zote, yaani bei ya chini kuliko jirani. Lakini haikuwa na vituo vya karibu kama Netflix, wala wingi wa filamu. Kuuza sabuni kwa bei ya chini ni kazi moja. Kukodisha kitu ambacho lazima kiende, kirudi, kikaguliwe kama kimekwaruzwa, kisha kiende tena kwa mtu mwingine siku ileile ni kazi nyingine kabisa. Mei 2005 Walmart iliacha biashara ile na kuwaelekeza wateja wake kwa Netflix. Duka kubwa kuliko yote duniani lilishindwa na bahasha, na kwenye semina hulisikii likitajwa.

Blockbuster ilikuwa mpinzani wa aina nyingine. Mwaka 2004 ilikuwa na maduka takriban 9,000, na chapuo lake la buluu na manjano lilijulikana hata na mtoto mdogo. Tatizo lake lilikuwa faini. Mwaka 2000 faini za kuchelewesha ziliiingizia kama dola milioni 800, karibu asilimia 16 ya mapato yake. Sisi tuliofundishwa tangu chuoni kuogopa deni linalozaa, tunajua jinsi mtu anavyoichukia pesa ya namna hiyo hata kama anailipa. Wamarekani waliichukia vilevile, na Netflix ilikula kutokana na chuki hiyo.

Mwaka uleule wa 2000 wakuu wa Netflix walikwenda Dallas kumwona John Antioco, mkuu wa Blockbuster, wakampa nafasi ya kuinunua kampuni yao kwa dola milioni 50. Walikataliwa. Hapa ndipo msemaji wa semina huinua sauti. Lakini Netflix ya wakati ule ilikuwa inapoteza pesa kila mwezi, na kampuni za intaneti zilikuwa zinaanguka kila upande. Muulize mfanyabiashara yeyote wa Marikiti kama angeinunua, akuonyeshe mlango.

Vita vyenyewe vilianza 2004, na ndipo mteja alipopata raha yake. Katikati ya mwaka ule Netflix ilipandisha ada ya mpango wa diski tatu kutoka dola 19.95 hadi 21.99. Ilijiona haina mpinzani wa maana. Agosti Blockbuster ikafungua huduma yake ya posta kwa dola 19.99, na juu ya hizo ikampa mteja kuponi mbili kwa mwezi za kuchukua filamu dukani bure. Oktoba Netflix ikashuka hadi 17.99. Siku ya pili yake Blockbuster ikashuka hadi 17.49. Soko la hisa likaingiwa na hofu, pia kwa sababu Netflix yenyewe ilisema Amazon inajiandaa kuingia. Hisa za Netflix zikaanguka zaidi ya thuluthi moja kwa siku moja. Amazon iliingia kweli, lakini Uingereza, si Marekani. Walmart nayo ikashusha bei. Kabla mwaka haujaisha Blockbuster ilikuwa imefika dola 14.99.

Hesabu mwenyewe: kutoka 21.99 hadi 14.99 ndani ya miezi sita, kwa filamu zilezile na bahasha ileile. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba sasa kulikuwa na jirani anayeuza kitu kilekile.

Januari 2005 Blockbuster ikaondoa faini dukani. Nayo hiyo ilikuwa na fundo ndani yake. Ukichelewesha zaidi ya siku saba unahesabiwa umeinunua filamu, na ukiirudisha baadaye unakatwa dola 1.25 ya kuirejesha rafuni. Majimbo 47 yaliishtaki kwa tangazo la kupotosha, na ikabidi ikubaliane nayo na kurudisha pesa kwa wateja waliodai.

Msomaji usidhani Netflix ndiyo ilikuwa malaika. Ilitangaza filamu bila kikomo, lakini mteja aliyekuwa na haraka, anayetazama na kurudisha siku ileile, alikuwa anaitia hasara, kwa sababu stempu za kwenda na kurudi ni za kampuni. Basi ikawa inampanga nyuma. Filamu mpya zinakwenda kwanza kwa wale wanaotazama kidogo, na yeye bahasha zake zinachelewa. Mteja mmoja wa California alikwenda mahakamani 2004. Kampuni ikabadilisha masharti na kukiri kwa maandishi kwamba anayekodi kidogo hutangulizwa. Ikakubali pia kuwafidia wateja kwa mwezi mmoja wa huduma ya bure, ila mwezi ukiisha huduma ingeendelea yenyewe kwa malipo kama mteja hakukumbuka kuisimamisha. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikapinga, na sharti lile likabadilishwa. Fidia yenyewe ilikuwa na ndoana ndani.

Ukiniuliza ni ipi ilikuwa bora kwa mteja, nitakujibu hivi. Kwa mtu wa filamu za zamani, za nje, za nchi ndogo ndogo, Netflix haikuwa na mpinzani. Orodha yake ilipita filamu 100,000, na ilikuwa na mfumo wa kukupendekezea filamu kulingana na alama ulizotoa, ambao baadaye ilitoa zawadi ya dola milioni moja kwa yeyote atakayeuboresha kwa asilimia 10. Kwa familia yenye watoto iliyokaa karibu na duka, Blockbuster ilikuwa bora kuanzia Novemba 2006, ilipoleta mpango ulioitwa Total Access. Mteja aliyeletewa filamu kwa posta aliweza kuirudisha dukani na kuondoka na nyingine papo hapo, bila malipo, huku ya posta ikiwa njiani. Netflix haikuwa na duka hata moja, kwa hivyo haikuwa na la kujibu. Katika robo ya pili ya 2007 ilipoteza wateja 55,000. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake idadi kupungua. Julai ikashusha ada hadi dola 16.99.

Hapo ndipo Blockbuster ilipokuwa ikishinda. Ni nini kilichotokea?

Deni. Blockbuster ilikuwa mali ya Viacom. Mwaka 2004 Viacom ilipojitenga nayo, Blockbuster ililazimika kuwagawia wenye hisa gawio maalumu la dola 5 kwa kila hisa, jumla karibu dola milioni 905. Pesa ile ilikopwa. Yaani kampuni iliingia vitani tayari imefungwa jiwe mguuni, na waliolifunga waliondoka na pesa. Antioco ameandika kwamba kuondoa faini kuliigharimu kampuni kama dola milioni 200, na kuanzisha huduma ya posta milioni 200 nyingine. Mwenye hisa anayetaka faida ya mwaka huu haipendi hesabu kama hiyo. Mei 2005 bwana mmoja maarufu wa kununua hisa na kugombana na wakurugenzi, Carl Icahn, aliingia kwenye bodi pamoja na watu wake wawili. Agosti mwaka huohuo ada ya posta kwa wateja wapya ikarudi dola 17.99. Mwaka 2007 wakagombana na Antioco juu ya malipo yake, akaondoka. Akaletwa Jim Keyes aliyetoka kuongoza maduka ya 7-Eleven. Keyes aliamini maduka. Alipunguza Total Access na kupandisha bei, na wateja wakaanza kurudi Netflix wenyewe bila kuitwa.

Septemba 2010 Blockbuster iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Aprili 2011 ilinunuliwa na Dish Network kwa takriban dola milioni 320. Leo limebaki duka moja tu, mji wa Bend, Oregon, watalii huenda kupiga picha.

Tazama tarehe inayofuata. Julai 2011, miezi mitatu baada ya mauzo hayo, Netflix ilitangaza kwamba aliyekuwa akilipa dola 9.99 kwa DVD moja moja pamoja na kutazama kwa intaneti, sasa atalipa mara mbili: 7.99 kwa hili na 7.99 kwa lile. Ongezeko la asilimia 60. Sitasema ilikuwa ni kwa sababu Blockbuster imeanguka tu. Studio za Hollywood nazo zilikuwa zimeanza kudai pesa nyingi kwa haki za intaneti. Lakini mwaka 2004, jirani akiwa hai, bei ilikuwa inashuka kila mwezi. Wateja walikasirika. Septemba Hastings akaomba radhi, kisha akatangaza kwamba biashara ya DVD itapewa jina jipya la Qwikster na tovuti yake peke yake. Watu wakacheka kwa hasira, na jina likafutwa Oktoba kabla halijaanza kazi. Wateja 800,000 walikuwa wameshaondoka katika robo ile. Bei mpya lakini ilibaki.

Kuanzia hapo DVD iliachwa ijifie pole pole. Kampuni yenyewe inasema imetuma diski zaidi ya bilioni 5.2 tangu ilipoanza, na iliyoombwa kuliko zote ni The Blind Side. Mwaka 2023, baada ya kutangazwa kwamba huduma inafungwa, mkuu wa kampuni iliyomiliki mashine za kukodisha DVD za Redbox alisema hadharani kwamba angependa kuinunua. Netflix ikajibu haiuzwi.  Kule Uingereza, Amazon ilinunua LoveFilm mwaka 2011 na kufunga huduma ya posta Oktoba 2017.

Utasema, na iwe, teknolojia imeenda mbele, nani anataka kusubiri bahasha? Mimi sina hamu na bahasha. Ninachokisikitikia ni sheria iliyokuwa ndani ya bahasha, na naona imezungumzwa kidogo sana.

Kuna kanuni ya sheria ya Marekani iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu kabisa mwaka 1908. Mchapishaji mmoja aliandika ndani ya kitabu kwamba ni marufuku kukiuza chini ya dola moja. Wenye duka la Macy's wakakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala, neno lake juu ya nakala ile limekwisha. Aliyeinunua anaweza kuiuza, kuigawa, kuiazima. Kwa kanuni hiyo, Netflix ikinunua DVD dukani ilikuwa na haki ya kuikodisha kwa watu mia mmoja baada ya mwingine bila kumwomba mtengenezaji ruhusa. Studio zingekasirika, zingechelewesha kuiuzia, lakini hazingeweza kuizuia. Ndiyo maana orodha ya DVD ilipita filamu 100,000.

Filamu ya intaneti haimo ndani ya kanuni hiyo. Huinunui, wala Netflix yenyewe haiinunui kama kitu. Inapewa leseni ya muda, kwa nchi fulani, kwa bei anayotaka mwenye hakimiliki. Leseni ikiisha filamu inaondoka, hata kama uliisimamisha katikati ukaswali isha ukitarajia kuimalizia. Ndiyo maana orodha ya intaneti ni ya filamu elfu kadhaa tu, na ya Kenya si sawa na ya Marekani. Na ndiyo maana studio kubwa zilipoona faida, zilichukua filamu zao zikafungua huduma zao wenyewe. Mmarekani wa 2007 aliyelipa dola 16.99 alifikia karibu kila filamu iliyotolewa kwenye DVD nchini mwake, za studio zote. Leo hata akilipia huduma nne hafikii hapo.

Sisi hapa tuliwahi kuwa na kivuli cha jambo hili. Kwenye miaka ya tisini kila mtaa wa Mombasa ulikuwa na maktaba yake ya video. Unaacha kitambulisho, unaondoka na kanda ya Kihindi, kesho unairudisha umeirudisha mwanzo. Tusidanganyane, nyingi zilikuwa za kunakiliwa, na mwenye filamu hakuona hata senti. Kisha zikaja DVD za barabarani, filamu 12 kwenye diski moja, nazo hali ni ileile. Hatukupitia hatua ile ya katikati, ya kukodisha kihalali kitu kilichonunuliwa kihalali. Tumeruka kutoka kwenye nakala ya wizi hadi kwenye leseni ya simu. Kwa hivyo ni vigumu kwetu kuona kilichopotea, hatukuwahi kukishika.

Turudi kwenye tarehe 1 Novemba 2023. Mpango wa bure ulikuwa na takriban robo ya filamu za Netflix, bila matangazo, na kazi yake haikufichwa. Ulikuwa ni kuonjesha. Muuza halua wa Mji wa Kale hufanya vivyo hivyo, na hakuna anayemlaumu. Februari 2023 Netflix pia ilishusha bei zake Kenya: mpango wa simu kutoka shilingi 300 hadi 200 kwa mwezi, na ule wa msingi kutoka 700 hadi 300. Kwa kijana wa Bamburi au Malindi shilingi 200 ilikuwa nafuu, ingawa bando la kutazamia lingemla zaidi ya hiyo. Lakini 200 hiyo ilikuwa ya namna ileile ya dola 14.99 za Disemba 2004. Iliwekwa hapo kwa sababu kulikuwa na mwengine sokoni.

Huyo mwengine wakati ule alikuwa Showmax ya MultiChoice, iliyotangaza Machi 2023 kwamba inaungana na Comcast ya Marekani kujijenga upya. Kwa hivyo kuanzia Novemba ile mimi niliamua kutotazama orodha ya filamu mpya za Netflix kwanza. Nilitaka kutazama Showmax inauzaje, ina madeni kiasi gani, na mwenye hisa wake mkubwa ni nani na ana haraka gani. Aliyekuwa mteja wa Blockbuster mwaka 2004, akifurahia dola 14.99 zake, hakuwa na sababu ya kuuliza habari za gawio la dola 5. Miezi minane baadaye ada ilikuwa imeshapanda.

Kwa anayetaka ushauri wa papo hapo: ukiamua kulipia, lipa mwezi mmoja mmoja, na kama namba ya M-Pesa au kadi uliyosajili ni ya mtu mwingine nyumbani, mwambie kwanza.